Simu ya Kumi na Moja

Kazi yangu si hesabu, ni simu.
Kabla roketi haijawashwa mimi hupigia vibanda kumi na kimoja
vilivyotawanyika kwenye theluji, kaskazini ya Kiruna,
nikiwaambia wafugaji: ingieni ndani, fungeni milango ya chuma,
tunarusha kitu, na kitu hicho hakina adabu ya kushuka.

Wa kumi na moja ni Risten.
Hasemi halo. Husema, "Usiku huu tena?"

Usiku huu tena, Risten.
Tunangoja mwanga wa kaskazini usimame pale tunapoutaka,
na mwanga hauna mwajiri.
Juzi jua lilipiga chafya;
chombo kinacholikodolea macho kutoka mbali
kikatuletea habari: upepo uko njiani.
Tukajiandaa. Upepo ukapita adhuhuri, bila kuaga.
Usiku wa pili, mawingu.
Wa tisa, waya mmoja, mwembamba kuliko ukope, ukakatika.
Kila mara: "Ingia, Risten." Kila mara: "Toka, tumeahirisha."
Usiku wa kumi na mbili aliniuliza kama nimewahi kufuga mbwa.
"Hata mbwa," akasema, "ukimwita hivi, atakuuma."

Wa kumi na nne, ikaruka.
Mlango uliobamizwa na mtu mwenye hasira,
kisha ufa wa rangi ya chungwa, kisha kimya.
Haikwenda mwezini. Haikwenda popote.
Ilipanda kama jirani anayechungulia juu ya ua,
ikaingiza pua ndani ya ule ukijani unaocheza,
ikahesabu chembe, ikanusa umeme,
dakika saba, basi,
ikarudi na umbea wote.
Dakta Ingegerd Hietala, aliyeingoja miaka sita,
alikula biskuti nne mfululizo bila kuzitazama.

Simu ikalia. Kwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyenipigia.
"Mwavuli wenu umetua kwangu. Kulungu wanaulamba.
Mkija kuuchukua, njooni na sepetu."

Tulikwenda kwa pikipiki ya theluji.
Hietala alikuwa na ramani iliyochorwa na setilaiti
inayopita juu ya bonde lile kila siku ya tatu:
theluji kavu, ilisema, laini, haina neno.
Risten hakuitazama. Alituonyesha kulungu jike:
anaparua, anaparua, anaacha.
Anasogea hatua mbili. Anaparua, anaacha.
"Ramani yangu ni huyo. Anasema njaa."

Tukachimba. Chini ya weupe wote ule
sepetu ikagonga: ng'a!
Mvua ya Januari, mahali ambapo Januari haijui mvua,
imeganda juu ya malisho kama kifuniko cha sufuria.
Hietala akapima kwa rula ya mtoto wa shule.
Vidole viwili. Akaandika, akafuta, akaandika tena,
akauliza, "Tuchimbe wapi kwingine?"
Walichimba mashimo thelathini na moja kabla giza halijatukuta.
Mimi nilikunja parachuti.

Nilidhani jicho likiwa juu sana huona lenyewe.
Kumbe hufundishwa kuona,
kwa mashimo, na magoti ya watu yaliyolowa.

Msimu uliofuata makala ikatoka.
Nikampigia Risten, safari hii si kwa roketi.
Nikamwambia vipimo vyake vimo,
setilaiti sasa huigundua barafu ile; si yote, lakini huigundua.
"Na jina langu?"
Nikapekua. Shukrani zimekwenda kwa wizara, chuo, kiwanda cha betri.
"Wewe ni mstari wa kumi na tisa," nikasema, "jedwali la tatu."
Akanyamaza. Nilisikia mbwa, na kengele shingoni mwa mnyama.
"Na yule jike?"
"Hayumo."
"Basi haijakamilika," akasema,
akakata.